Likizo ya Juni: soma upya riwaya unayoifundisha

Likizo ya Juni ikikaribia, walimu wa malezi huniuliza wasome kitabu gani. Wengi hutegemea nitaje kitabu kinene cha saikolojia. Vipo, na viwili nitavigusa huko chini. Lakini kwa mwalimu wa sekondari hapa Tanzania, jibu langu la kwanza ni vitabu ambavyo tayari vimo kwenye kabati la idara ya Kiswahili, vyenye majalada yaliyobanduka na majina ya wanafunzi waliokwisha kumaliza.

Tatizo ni namna tunavyovisoma. Tukishika *Watoto wa Mama N'tilie* cha Emmanuel Mbogo, akili inakimbilia dhamira, wahusika na swali la insha litakalotoka Kidato cha Nne. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Baba ni mlevi, mama anauza chakula ili nyumba isimame. Mwanafunzi anaandika "umaskini" na "malezi mabovu", anapewa alama zake, yameisha.

Wewe mshauri kisome kwa penseli, na kila ukurasa uulize: mtu mzima gani alijua? Alijua lini? Akafanya nini? Utaona kwamba kabla mtoto hajafika jalalani, mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa wa shule. Aliyemrudisha nyumbani kufuata ada alijua fika kwamba nyumbani hakuna. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi Kidato cha Nne kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na nauli vinabaki mzigo wa mzazi, kwa hiyo kisa hiki hakijapitwa na wakati. Na mtoto asiye na sare siku hizi hafukuzwi kila mara. Mara nyingi anajiondoa mwenyewe kimyakimya, kisha sisi tunaandika "mtoro".

Kama muda wako ni wa kitabu kimoja tu, soma *Rosa Mistika*. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa 1971, na kwa muda kilizuiwa mashuleni. Zakaria, baba anayeujua ulevi kuliko majukumu ya nyumba yake, anamcharaza Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Fuatilia kipigo hicho kinamfundisha nini binti. Kinamfundisha kuwaogopa wanaume. Hakimfundishi kukataa, wala kuchagua, wala kwenda kumweleza mtu jambo linapomzidi. Akiwa mbali na fimbo ya baba yake anabaki mikono mitupu, kwa maana hofu ndiyo iliyokuwa malezi yake yote.

Sehemu ya chuo cha ualimu isome polepole. Mmoja wa wanaume wanaohusiana naye ni mkuu wa chuo mwenyewe, mtu wa taaluma yetu, mwenye mamlaka juu yake. Nimesikia walimu wakiijadili riwaya hii, na mara nyingi mazungumzo yanaishia kwenye tabia ya Rosa. Mkuu wa chuo anapita salama. Ukijikuta nawe umemkasirikia Rosa kuliko huyo bwana, weka alama hapo kwa penseli. Hasira hiyohiyo utaingia nayo chumba cha ushauri siku binti mjamzito atakapoletwa kwako, na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti wa aina hiyo arudi darasani akishajifungua. Waraka unamfungulia geti tu. Namna atakavyotazamwa akiwa ndani inategemea sisi.

Tahadhari moja. Riwaya hii inaishia kwa Rosa kujiua. Usimkabidhi mwanafunzi ambaye umeona dalili za kukata tamaa ukidhani itamfunza. Mwanafunzi wa namna hiyo muulize waziwazi: umewahi kuwaza kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo, na mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikiri, usimwache peke yake, na mfikishe kwa wataalamu hospitalini. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, inafanya kazi Tanzania na Kenya pia. Ibandike ukutani, si ofisini kwako tu.

Kwa wenzetu wa Kenya, *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996) inatosha likizo nzima. Kongowea anafiwa na mama, anateswa na waliopaswa kumlea, na bado anang'ara darasani. Mtoto wa hivyo ndiye tunayemsahau, kwa sababu fomu ya matokeo inasema yuko sawa.

Sasa vile viwili vya Kiingereza. *Dibs in Search of Self* cha Virginia Axline, cha 1964, kinasimulia kuhusu mtoto wa miaka mitano aliyewashinda walimu wake, na vikao vyake katika chumba cha kuchezea. Axline hamsifii wala hamkemei. Anarudisha kile mtoto alichosema au kuonyesha, halafu anasubiri. Sisi walimu kusubiri kunatushinda, tumezoea kujaza ukimya kwa nasaha.

Cha pili ni *Teacher and Child* cha Haim Ginott, cha 1972. Ginott aliwahi kufundisha darasani kabla ya kuwa mwanasaikolojia, na inaonekana. Kanuni yake kuu ni kuzungumzia jambo lililotokea badala ya kumhukumu mtoto. "Zoezi halijafika mezani kwangu" ni taarifa, "wewe mvivu tangu Januari" ni hukumu. Baadhi ya mifano yake ni ya Kimarekani mno kwa darasa la wanafunzi 80, iruke tu.

Najua wengine hamna likizo, mmebaki na kambi ya Kidato cha Nne. Anzeni na tamthiliya ya *Kilio Chetu*, fupi, jioni moja inatosha. Wazazi wanavutana kama mambo ya ujinsia yaelezwe kwa watoto au yafichwe, huku watoto wenyewe wakijifunzia mitaani. Wapeni wanakambi waisome kwa sauti, wakigawana wahusika, na nafasi za wazazi wazichukue walimu.