Kiwango cha kuwakia ni nini?

Kiwango cha kuwakia ni joto la chini kabisa ambalo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto pindi cheche au mwali unapoufikia. Kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, wala si kimiminika chenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea: huyakwepa mafuta yaliyomwagika, lakini hawaiogopi hewa iliyo juu yake.

Kwa petroli kiwango hicho ni takriban nyuzi 40 za selsiasi chini ya sifuri, hivyo hata usiku wa baridi kali Makete petroli huwa tayari kuwaka. Mafuta ya taa huhitaji nyuzi 38 hivi, na dizeli zaidi ya 50, ingawa dizeli ikidondokea ekzosi yenye moto hupata joto hilo mara moja. Mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hutambaa ardhini, hujaa mitaroni na kwenye mabonde, na huweza kukutana na moto mbali na pale mafuta yalipomwagika.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wakakusanyika kuchota mafuta. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba mtu mmoja alijaribu kuchomoa betri ya lori. Cheche ya betri ni ndogo mno, lakini watu wale walikuwa wamesimama ndani ya mvuke wenyewe, na zaidi ya 100 walifariki. Sachangwan nchini Kenya, mwaka 2009, na Sange nchini Kongo, mwaka 2010, maafa yalikuwa ya namna hiyo hiyo.

Viwandani na kwenye karakana hatari kubwa hujificha katika pipa tupu. Pipa lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya hewa, ilhali lililomiminwa hubaki na mvuke na hewa pamoja, na fundi anayelichomelea bila kulisafisha na kulipima gesi huweza kulipuliwa nalo.

Katika mfumo wa vibao vya rangi ya chungwa unaotumika Ulaya na kwingineko, lori la petroli huandikwa 33 juu na 1203 chini. Namba 1203 ni ya petroli. 33 humwambia mzimamoto kwamba kiwango cha kuwakia kiko chini ya nyuzi 23, kwa hiyo injini na simu zizimwe kabla hajasogea.