Kosa si la ng': namna ya kuzisoma barua za skripti ya tafsiri

Leo asubuhi nimeletewa tena ile barua pepe ya kosa inayotumwa na skripti yetu ya tafsiri. Ilikuwa imepita mikono ya watu watatu, na wa mwisho ameongeza sentensi yake juu: "Kiswahili kimevunja skripti, mwambie mfasiri aondoe vile vialama kwenye ng'." Hii ni mara ya nne mwaka huu, na mara zote nne mfasiri hakuwa na kosa lolote.

Barua yenyewe ni hii:

UnicodeDecodeError: 'ascii' codec can't decode byte 0xe2 in position 1187: ordinal not in range(128)

Kwanza tujue inatoka wapi. Cron, programu ya seva inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, inaamsha skripti saa nane usiku. Skripti inavuta faili za .po (zenye maneno ya Kiingereza na tafsiri zake), inazikagua kwa programu ya msgfmt -c, kisha inazisukuma kwenye Git, ghala linalotunza matoleo ya faili. Cron yenyewe haijui kufaulu wala kufeli. Chochote ambacho skripti imechapisha, hicho ndicho kinachotumwa. Skripti ikifaulu huku ikichapisha neno "tayari", utapata barua; ikifa kimyakimya, hupati kitu. Kwa hiyo sanduku tupu la barua halinipi amani hata kidogo. Huwa naangalia tarehe ya badiliko la mwisho kwenye Git.

Sasa tuisome. Anayelalamika ni Python, lugha iliyotumika kuandika skripti, na anachosema ni kwamba ameambiwa asome faili kwa ASCII, mfumo wa zamani wenye herufi 128 tu, akakutana na baiti isiyomo. Hajasema faili ni bovu. Faili ni UTF-8 safi, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, na kichwa chake kimeandika hivyo hivyo. Nenda ukaone:

head -c 1200 sw.po | tail -c 40

Nilichokikuta ni "Mng’ao wa skrini". Mfasiri ameandika kwa simu, na simu imebadilisha ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu: e2 80 99. Hiyo ndiyo 0xe2 yetu. (Angalizo: skripti inayosoma mstari kwa mstari huchukua faili kwa vipande, na hiyo namba ya "position" inaweza kuhesabiwa ndani ya kipande, si tangu mwanzo wa faili. Nimewahi kupoteza saa nzima hapo.)

Na kwa nini ukiiendesha kwa mkono inapita? Kwa sababu ukiwa kwenye terminali una LANG yako, mpangilio unaotaja lugha na mfumo wa herufi. Cron haiichukui. Python ya zamani ikikosa LANG inarudi kwenye ASCII; kuanzia 3.7, ya mwaka 2018, jambo hili limerekebishwa kwa sehemu kubwa, lakini seva yetu ina 3.6. Dawa ni moja, ndani ya skripti:

open('sw.po', encoding='utf-8')

Kuweka LANG=C.UTF-8 juu ya crontab, ratiba ya cron, nako kunanyamazisha barua, ila siku skripti ikihamia seva nyingine, ugonjwa unarudi.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Ile alama si pambo. Ng' ni sauti, nayo ina maneno yake: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'amua. Ukiiondoa kwenye "mng'ao" unapata "mngao", na msomaji anayefungua simu yake kupunguza mwanga anaona neno lenye ngao ndani yake. Nimeona timu iliyokubali ushauri huo: mfasiri wao alianza kulikwepa kila neno lenye ng', akiandika "toa" palipohitaji "ng'oa". Lugha ikapunguzwa ili mtu asiandike encoding='utf-8'. Sikubali, na wewe usikubali.

Barua nyingine nitazipitia haraka. Ikisema "format specifications in 'msgid' and 'msgstr' for argument 1 are not the same" (msgid ni Kiingereza, msgstr ni tafsiri), mpangilio wa maneno umegeuka. Kiingereza kimesema "%s deleted %d files" (%s ni mahali pa jina, %d pa namba), mfasiri kaandika "Faili %d zimefutwa na %s", Kiswahili kizuri kabisa. Usimlazimishe aivuruge sentensi yake. Andika "Faili %2$d zimefutwa na %1$s"; 2 na 1 zinataja nafasi ya kila kimoja katika Kiingereza. Ikisema "duplicate message definition", soma na mstari unaofuata, kwa sababu ndio unaotaja mahali ujumbe ulipoanza kuonekana. Mara nyingi ni Git iliyounganisha matoleo mawili vibaya. Na tafsiri isiyotokea kwenye programu bila barua yoyote, tazama kama ina alama ya fuzzy, yaani bado haijathibitishwa: msgfmt huziruka hizo bila kusema neno.

Kuna jambo moja ambalo bado halijatulia moyoni mwangu: alama ipi hasa iandikwe? Iliyonyooka, U+0027, ipo kwenye kila kibodi, lakini faili za strings.xml za Android kwa kawaida huikataa mpaka uitangulize kwa mkwaju wa nyuma (\): ng\'ombe. Iliyopinda, U+2019, Android huipitisha bila shida, ila anayetafuta "ng'ombe" kwa kibodi ya kawaida anaweza asiipate. Ipo pia U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi kamili, na kwa sauti ya ng' naona hiyo ndiyo yenye haki zaidi; lakini sijakutana na mfasiri hata mmoja anayeiandika. Kwa sasa faili zetu zote za .po zina iliyonyooka, skripti inaibadilisha iliyopinda kabla ya ukaguzi, na mkwaju wa Android unaongezwa hatua ya mwisho. Mfasiri anaandika kwa simu yake kama alivyozoea.

Marekebisho nimeyasukuma saa nne asubuhi. Saa nane usiku nitakuwa macho.