"Tumefikia watu 20,000": namba hiyo inahesabu nini hasa

Msimu wa wageni ukikaribia, Lamu na Malindi huanza kuzunguka ripoti za namna moja. Kijana aliyepewa kazi ya kutangaza nyumba ya wageni, mashua ya matembezi au duka la kofia humletea mwenye biashara picha ya skrini yenye maandishi makubwa: watu 20,000 wamefikiwa. Mwenye biashara hufurahi. Wiki mbili baadaye anauliza mbona vyumba bado vitupu, naye anajibiwa kwamba mtandao unataka subira, aongeze pesa kidogo. Lakini hata angesubiri mwaka mzima, namba ile isingegeuka kuwa wageni, kwa sababu haikuwahesabu wageni tangu mwanzo.

Maana yake kwa ufupi. Kutangaza biashara mtandaoni na kwa simu ni kumtoa mtu pale asipokujua na kumfikisha pale anapokulipa, kwa kutumia vitu vilivyomo simuni mwake: Facebook, Instagram, WhatsApp, ramani ya Google, ujumbe mfupi, M-Pesa. "Waliofikiwa" ni hesabu ya hatua ya kwanza ya safari hiyo. Ni makadirio ya akaunti ambazo tangazo lako lilitokea kwenye kioo angalau mara moja. Basi. Namba haijui kama mwenye simu alisoma, au kidole kilikuwa kinateleza kuelekea video ya mpira.

Tena ni akaunti, si vichwa vya watu. Mwenye akaunti mbili anaweza kuhesabiwa mara mbili, na simu moja inayotazamwa na mume, mke na watoto ikahesabiwa moja. Na namba hii haijumlishwi kama mauzo ya dukani. Kama Jumatatu zimefikiwa akaunti 5,000 na Jumanne 5,000, jumla ya siku mbili inaweza kuwa 6,000 tu, maana wengi wa Jumanne ni walewale wa Jumatatu. Ripoti nyingi huvimba hapa: mtu amejumlisha siku saba, akaongeza ya Facebook juu ya ya Instagram, akapata namba ya kutisha ambayo haipo popote. Jumla sahihi hutolewa na mfumo wenyewe ukichagua kipindi chote kwa pamoja, na huwa ndogo kuliko ile ya kalamu.

Kuna namba ya pili inayochanganywa na hiyo: mara ambazo tangazo limeonyeshwa. Anayeonyeshwa mara nne amefikiwa mara moja. Ukigawa maonyesho kwa waliofikiwa unapata wastani wa mara ngapi kila mmoja ameliona, na wastani huo una faida kuliko zote mbili. Ukiwa 1.3, watu wengi wamekupitia tu. Ukipanda hadi 4 au 5 ndani ya wiki moja huku ujumbe wa wateja ukipungua, picha imechosha. Badilisha picha kabla ya kuongeza pesa.

Sasa tufuate shilingi 3,000 za nyumba ya wageni yenye mashua yake pale Shela, Lamu. Namba ni za mfano. Tangazo limeonyeshwa mara 26,000 kwa akaunti 20,000, yaani kama shilingi 115 kwa kila maonyesho elfu. Waliobofya ni 240. Walioandika ujumbe kwenye WhatsApp ni 38. Waliotaja tarehe na idadi ya watu ni 9. Waliotuma arubuni ni 2. Namba zote sita ni halali na kila moja ina kazi yake, ila inayolipa mafuta ya mashine ni ya mwisho, na kwayo kila mteja amegharimu shilingi 1,500. Kama mashua ya kwenda Manda Toto inakodishwa kwa 12,000 na gharama za mafuta, samaki na mabaharia ni 7,500, hiyo 1,500 inabebeka. Kwa muuza kofia anayebaki na faida ya shilingi 400 kwa kofia moja, tangazo hilohilo, lenye "mafanikio" yaleyale ya 20,000, ni hasara tupu. Muuza mahamri anayepita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, alfajiri hahesabu milango aliyoipita. Anatazama yaliyobaki kwenye sinia.

Mbona basi kila mtu huleta namba ya kwanza? Kwa sababu ndiyo kubwa, na ndiyo rahisi kununua. Ukibonyeza kitufe cha kubusti posti, yaani kuilipia ionwe na wengi, bila kutazama lengo, mfumo unaweza kukuchagulia mwitikio: kupendwa, maoni, kusambazwa. Nao ni mtiifu mno. Ukiuomba watu wa kupenda picha, utatafuta watu wenye mazoea ya kupenda picha, na jahazi likitanda tanga machweo litapata mioyo na "Maashallah" mia mbili bila swali moja la bei. Ukiuomba kufikia wengi, utatafuta vioo vya bei rahisi kabisa. Ukiuomba mazungumzo ya WhatsApp, utatafuta wenye tabia ya kuandikia biashara; hao ni wachache na ghali zaidi kwa kila mmoja, hivyo namba ya waliofikiwa itashuka. Kijana anayelipwa kwa ukubwa wa namba hatagusa lengo hilo. Tusimlaumu yeye peke yake, aliyemwekea kipimo hicho ni tajiri wake.

Kwenye Meta Ads Manager, chombo cha kupangia matangazo ya Facebook na Instagram, malengo ni sita: kujulikana, kupeleka watu mahali, mwitikio, kukusanya wanaotaka kupigiwa, kupakuliwa kwa programu, na mauzo. Kwa biashara ndogo isiyo na tovuti, njia fupi ni tangazo linalofungua WhatsApp. Liache siku saba bila kuligusa. Mfumo hujifunza, na hutulia ukishapata kama matokeo 50 kwa wiki katika kundi moja la matangazo, yaani matangazo yenye walengwa wamoja; ukibadilisha maandishi leo, bajeti kesho na walengwa keshokutwa, kila badiliko kubwa huanzisha masomo upya. Mwenye shilingi 3,000 asizigawe kwenye makundi matano. Hata kwenye kundi moja, ujumbe 38 wa mfano wetu haufiki 50. Vipande vitano vya 600 havifundishi chochote.

Kisha kuna pini ya ramani, alama ya kuchagua tangazo lionekane wapi, na hapa ndipo pesa nyingi za wenye nyumba za wageni huzama. Mtu anatangaza vyumba vya Lamu, anachoma pini Lamu mjini na kuchora duara la kilomita 40. Amefikia nani? Mkomani, Langoni, Mokowe, Hindi: watu wenye vitanda vyao. Mgeni wa Lamu wakati wa kuamua yuko Nairobi ofisini, wiki tatu au miezi miwili kabla ya safari. Wa Malindi anaweza kuwa Italia, anapanga likizo yake ya Agosti tangu Mei au Juni, na anataka kusoma Kitaliano. Akaunti 2,000 za Milano zitagharimu zaidi ya akaunti nyingi za Kenya, na ripoti itaonekana kama imeanguka, ilhali ndizo zenye watu wanaoweza kununua tiketi. Duara dogo la karibu lina watu wake: hoteli inayouza biriani ya Ijumaa Malindi mjini, fundi wa friji, duka la dawa. Hao wachome pini mlangoni pao.

Tuseme tumewapata walengwa. Bado kutoka 240 waliobofya hadi 38 walioandika kuna shimo. Sehemu yake ni vidole vilivyoteleza, hayo hayana dawa. Sehemu nyingine ni tangazo lisilosema bei. Kumjibu anayeuliza "bei?" kwa "karibu inbox" ni kumfukuza kwa heshima. Weka bei ya kuanzia, idadi ya watu, saa, na kilichomo ndani yake. Kutoka 38 hadi 9 tatizo huwa ni majibu. Mgeni ameandikia mashua tatu kwa mpigo, na atakayejibu kwanza kwa maneno kamili ndiye atakayechukua mazungumzo. WhatsApp Business ina majibu ya haraka yanayohifadhiwa. Andika ya bei, ya jinsi ya kuvuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, na ya kujaa na kupwa kwa maji. La maji ni muhimu. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari uliopita kwenye mikoko, na mashua huingia maji yakijaa. Anayeuliza "Jumamosi saa nne asubuhi inawezekana?" apewe saa ya maji ya siku hiyo, si "inshallah". Kila mwanzo wa mwezi nahodha amwambie mwenye simu saa za maji, ziingizwe kwenye jibu hilo.

Kujua mteja katoka wapi si kazi ya mitambo mikubwa. Tengeneza kiungo cha wa.me, kinachomfungulia mtu WhatsApp yako moja kwa moja, chenye namba yako kuanzia 254, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele (wanaoandika 07 ndio wanaolalamika kwamba kiungo hakifunguki), kisha ongeza maandishi yatakayojiandika yenyewe. Kiungo cha Instagram kiandike "Salaam, nimeona safari ya Takwa Instagram", cha karatasi ya gatini kiandike vingine, cha ramani ya Google vingine. Malipo yakiingia kwenye Till, namba ya M-Pesa ya biashara, daftarini andika tarehe, kiasi, na neno moja la chanzo. Wapo watakaoona Juni na kuja Agosti kwa miguu. Hao waulizwe mdomo kwa mdomo walitujulia wapi, nalo liandikwe.

Kwenye simu kosa hilohilo huvaa nguo nyingine. Mtu anatuma ujumbe mfupi kwa namba 1,000, ripoti inarudi "umewasilishwa 930", naye anasema wateja 930 wamesoma. Kuwasilishwa maana yake simu imepokea. Waliozuia ujumbe wa matangazo kwenye laini zao hawatauona kabisa, na baadhi ya waliobaki watafuta bila kufungua. Juu ya hayo kuna hesabu ya herufi. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukiingiza emoji moja, nafasi hushuka hadi 70. Kiswahili kina mtego wake hapa: ukiandika "ng'ambo" kwenye programu ya kompyuta inayopinda kile kitone cha juu, kisha ukanakili, kitone kilichopinda hakimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, na ujumbe wote unahamia kwenye nafasi ya 70. Ujumbe wa herufi 150 uliotarajia kulipia mara moja unalipiwa mara tatu, kwa kuwa ukigawanywa kila kipande hubeba 67 tu. Futa kitone hicho, kiandike upya wima, bei inarudi.

Orodha za WhatsApp nazo zina masharti. Orodha moja ya matangazo huingiza namba 256, na ujumbe humfika tu aliyehifadhi namba yako simuni mwake. Hali ya WhatsApp (Status) vilevile: mtaonana kama nyote wawili mmehifadhiana. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwombe ahifadhi namba yako palepale, mbele yako, kwa jina la biashara. Namba za wageni waliojiandikisha kwenye daftari la mapokezi si zawadi ya kutumiwa matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa yao, na mtu akisema basi, atolewe.

Kufikia watu si kitu cha kudharau. Nyumba iliyofunguliwa mwezi huu haina jina, na haiwezi kuulizwa kabla ya kuonekana. Aliyefikiwa mara tatu Machi huenda akaandika Julai bila hata kukumbuka alikuona wapi. Hapo waliofikiwa ni kipimo halali, mradi kimetajwa hivyo tangu mwanzo na bajeti yake ikatengwa mbali na ile ya kujaza vyumba.

Kijana akija tena na picha ya skrini, asigombezwe. Amwandikie tajiri wake hivi: "Tangazo limetokea kwenye akaunti 20,000, kwa wastani wa mara 1.3, walioandika 38, waliotaja tarehe 9, waliolipa 2, kila mmoja kwa shilingi 1,500." Neno wateja liwekwe mbele ya ile 2, na mbele ya 20,000 libaki neno akaunti.