Si Kila Mzungumzaji wa Kiebrania Anaweza Kufundisha Sala

Kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia katika shule yetu ya Kiebrania, hasa pale mwalimu mmoja anapoaga, hutokea mzazi au mjumbe wa kamati akatoa ushauri ule ule: "Mwalimu, tunahangaika kwa nini? Mji huu umejaa Waisraeli. Mtafuteni mmoja anayetaka kibarua cha Jumapili, mambo yaishe." Msimu huu nimeusikia tena, na safari hii umetoka kwa mtu ambaye, kwa heshima zote, siwezi kumjibu kikaoni, basi namjibu hapa, kwa Kiswahili, lugha ambayo nina hakika hataisoma.

Ninafundisha katika shule ya sinagogi nchini Marekani, ile ambayo watoto huijia Jumapili asubuhi na alasiri moja katikati ya wiki, wakiwa wamekwisha kuchoshwa na shule zao za kawaida. Msomaji aliyelelewa Lamu au Unguja atanielewa haraka kuliko majirani zangu wa hapa, kwa sababu anaijua chuoni. Hakuna mzazi wa Lamu anayedhani kwamba Mwarabu yeyote aliyeshuka kutoka jahazini, kwa kuwa tu anazungumza Kiarabu, anaweza kukalishwa mbele ya wanafunzi akawafundisha tajwidi. Atamuuliza kwanza amesoma kwa nani. Wazazi wangu, ambao ni mawakili na madaktari, hawaulizi.

Shule hizi hazikuanzishwa na wazungumzaji wa Kiebrania. Rebecca Gratz alipofungua shule ya Jumapili ya Kiyahudi mjini Philadelphia mwaka 1838, walimu wake walikuwa wanawake wa kujitolea, masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na kwa uhaba wa vitabu walitumia vile vya Kikristo, wakibandika karatasi juu ya sehemu zisizowafaa. Baadaye alikuja Samson Benderly, mzaliwa wa Safed aliyeacha udaktari ili ashughulikie elimu, na kuanzia mwaka 1910 akaiongoza ofisi ya elimu ya Kiyahudi ya New York. Yeye alitaka Kiebrania kifundishwe kwa Kiebrania, kama lugha iliyo hai, katika madarasa ya alasiri kadhaa za wiki. Shida yetu ni kwamba wazazi wa leo wanadai mavuno ya Benderly kwa saa za Gratz, na wanaamini kwamba Mwisraeli mmoja ataziba pengo lililobaki.

Sizungumzii hapa tofauti za mpangilio wa sala baina ya jumuiya na jumuiya, wala ukweli kwamba Waisraeli wengi wasioshika dini hawajafungua siduri, yaani kitabu cha sala, tangu utotoni. Hayo mtu mwenye bidii hujifunza kwa miezi michache. Kinachonikera ni suala la kusoma kwenyewe.

Mtu mzima wa Tel Aviv husoma gazeti lisilo na irabu. Jicho lake hulishika neno zima kwa mara moja, na muktadha humwambia ni neno gani. Mwanafunzi wangu wa miaka tisa hana muktadha, kwa kuwa hajui lugha. Ana herufi 22, ana maumbo matano ya mwisho wa neno, na ana irabu zilizotiwa juu, chini na katikati ya herufi. Anasoma kwa kupapasa alama moja baada ya nyingine. Yule Mwisraeli aliacha kusoma hivyo alipokuwa darasa la pili, na hakumbuki tena jinsi alivyofanya. Mtoto akimuuliza kwa nini kamatsi, mojawapo ya alama za irabu, inasomwa "a" katika neno hili na "o" katika neno lile, ilhali alama ni ile ile, atajibiwa kwamba ndivyo inavyosemwa. Jibu hilo ni la kweli, na halimsaidii kitu mtoto ambaye hajawahi kusikia ikisemwa. Mwalimu aliyejifunza ukubwani anaijua kanuni ya silabi iliyofungwa isiyo na mkazo, kwa sababu naye ilimtesa.

Kuna pia mkazo wenyewe, na hapa naomba nivumiliwe. Katika Shema, ungamo letu la imani kwa Mungu mmoja, baada ya mstari wa kwanza, tunasoma "veahavta", yaani "nawe utampenda" Bwana Mungu wako, Kumbukumbu la Torati 6:5. Agizo hilo limo katika mkazo. Neno "ahavta" peke yake maana yake ni "ulipenda", na mkazo wake uko kwenye silabi ya kati. Ile "ve" inayotangulia hulipeleka tendo wakati ujao, na pamoja na hilo huusogeza mkazo hadi silabi ya mwisho. Ukiuacha mkazo katikati umesema "na ulipenda", jambo lililokwisha pita. Kiebrania cha mtaani hakina habari na kanuni hii, maana hakiundi wakati ujao kwa njia hiyo, na mzungumzaji wake husogeza mikazo kwa urahisi hata katika majina ya watu. Nimewahi kumsikia mwalimu mwenye Kiebrania kitamu kuliko changu akiwasomesha darasa zima kwa mkazo wa kati, kwa furaha, wiki hadi wiki. Watoto waliposhika ile "na ulipenda", kuwabandua ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Mtoto anayejiandaa kwa bar mitzva, siku ya kuhesabiwa mtu mzima kidini akiwa na miaka kumi na mitatu, anakabiliwa na zaidi ya hayo, kwa sababu gombo la Torati halina irabu wala taamimu, zile alama za kughani zinazoonyesha pia mahali pa mkazo na pa kupumua. Anajifunza kutoka kitabu chenye safu mbili, moja ikiwa na alama na nyingine tupu, na siku yake ikifika anasimama mbele ya ile tupu. Akikosea kwa namna inayogeuza maana, atarudishwa asome tena mbele ya bibi yake, shangazi zake na jumuiya nzima. Lawama ataibeba yeye, ilhali aliyemfunza yuko safu ya tatu akipiga makofi.

Mjadala huu ni wa kale kuliko kamati yetu. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi, Bava Batra 21a, wanatajwa walimu wawili: mmoja husomesha mengi lakini si makini, na mwingine ni makini lakini husomesha machache. Rava anasema aajiriwe wa kwanza, kwa kuwa kosa hutoka lenyewe. Rav Dimi wa Nehardea anasema aajiriwe wa pili, kwa kuwa kosa likishaingia limeingia. Kisha inaletwa habari ya Yoabu, jemadari wa Daudi, aliyewaua wanaume wa Edomu akawaacha wanawake. Daudi akamuuliza sababu, naye akajibu kwamba imeandikwa kufutwa "zakhar" ya Amaleki, taifa la ukoo wa Edomu, yaani wanaume. Daudi akamwambia kwamba sisi husoma "zekher", kumbukumbu. Yoabu akasema, mwalimu wangu alinisomesha "zakhar". Akaenda kwa mwalimu wake na upanga. Konsonanti ni zile zile, irabu zimetofautiana. Siku nyingine natamani kuibandika habari hiyo kwenye mlango wa chumba cha kamati.

Neno hilo hilo lina kichekesho chake. Jumuiya nyingi za Kiashkenazi, yaani za Wayahudi wenye asili ya Ulaya, zikiwa na shaka kama irabu yake ya kwanza ni segoli au tsere, huusoma mstari huo wa Amaleki mara mbili ili kuondoa wasiwasi, mara moja kwa kila irabu. Katika matamshi ya Kiisraeli irabu hizo mbili kwa kawaida hazitofautiani. Mwisraeli akipewa kazi hiyo husoma kitu kile kile mara mbili, jumuiya ikatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hata hivyo siwezi kusema kwa kiapo kwamba Rav Dimi ana haki kuliko Rava; nina shaka zangu. Nimeona madarasa ya walimu makini ambamo watoto walisoma bila dosari na hawakutaka kurudi, na nimeona darasa la mwalimu mwenye makosa tele ambalo liliimba hadi kwenye maegesho ya magari. Zaidi ya hayo, Mishna, kitabu cha sheria ambacho Talmudi inakifafanua, katika sehemu yake iitwayo Sota, inaruhusu Shema na sala kusemwa kwa lugha yoyote. Kwa nini basi tunamlazimisha mtoto apapase irabu za maneno asiyoyaelewa? Ninayo majibu: kwamba anajifunza kuingia katika sinagogi lolote duniani na kujikuta nyumbani, kwamba maana huja baadaye. Hiyo "baadaye" kwa wengi haiji, maana wakishatimiza miaka kumi na mitatu hatuwaoni tena, na sijui mwalimu wa shule ya namna yetu ambaye hilo halimsumbui.

Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, waliendeleza sala zao kwa miongo mingi bila kuwa na mzungumzaji wa Kiebrania wa kuzaliwa miongoni mwao, wakichanganya Kiebrania na Kiganda, hata Idi Amin alipoipiga marufuku ibada yao. Walikuwa na watu waliochukua jukumu la kusomesha watoto, nao wakasomesha.

Sina chuki na Waisraeli. Mwalimu bora tuliye naye alizaliwa Haifa, na ubora wake ni kwamba alipokuja alikubali kuanza upya: akakaa na hazani wetu, mwongozaji wa sala za kuimbwa, akajifunza taamimu, akajifunza kusoma polepole kama mtoto, akajifunza kutoshangaa kwamba mtoto wa Kiyahudi hajui neno la Kiebrania la "mlango". Nilipomsaili sikumuuliza anatoka wapi. Nilimpa Mwanzo 29, aya ya 6 na ya 9, ambamo neno moja, "baa", limetumiwa kwa Raheli mara mbili, kwanza akiwa njiani anakuja na pili akiwa amefika, tofauti yao ikiwa ni mkazo tu. Alizisoma zote kwa namna moja, kwa mkazo usiobadilika. Nilipomwonyesha, alikitazama kitabu kwa muda, akauliza kama anaweza kukiazima hadi Jumapili. Ndipo nilipompa kazi.