Je, wajua kwa nini kumpa kila mtu kipande kimoja tu cha somo huwafundisha watu kushirikiana?

Katika semina za vikundi vya ujasiriamali, hufika saa mwezeshaji akawagawa watu: huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio, na yule mpaka ashike kwa mkono wake. Watu hupenda kuambiwa hivyo. Lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walizipitia tafiti zilizokuwapo wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa njia anayoipendelea. Na mimi naona majina hayo yana hasara yake. Bibi akishaitwa mtu wa vitendo, hapewi tena kalamu.

Basi watu wasiofanana watafundishwaje kufanya kazi pamoja? Jibu moja zuri lilipatikana mwaka 1971 mjini Austin, jimbo la Texas. Skuli zilizowatenga watoto kwa rangi zilikuwa zimeanza kuwachanganya, na madarasani kukawa na uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliona kuwa darasa lenyewe lilikuwa likiwashindanisha watoto, kila mmoja akiwahi kunyoosha mkono kabla ya mwenzake. Wakalikata somo vipande. Kila mtoto wa kundi alipewa kipande ambacho wenzake hawana, na mtihani ukawa wa somo zima.

Kulikuwa na mtoto ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alipobabaika, wenzake walimcheka. Wakakumbushwa kuwa mtihani umekaribia na kipande kile hana mwengine ila yeye. Kicheko kikakoma, wakaanza kumuuliza taratibu, swali moja moja, mpaka akayatoa yote aliyokuwa nayo. Hakuna aliyewahutubia juu ya heshima. Walijifunza kusikiliza kwa sababu walikuwa na haja naye.

Tuseme sasa tuko Paje, kijiji cha pwani ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na kikundi cha wanawake na vijana kinajifunza kutengeneza sabuni ya mwani. Wanagawanywa makundi ya watu wanne wanne. Katika kila kundi mmoja anapewa kukausha na kusaga mwani, mwengine vipimo vya mafuta ya nazi, wa tatu kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, wa nne bei na soko. Kabla ya kurudi kundini, wenye kipande kimoja kutoka makundi yote hukaa pamoja kwanza. Hapa ndipo tofauti za kujifunza zinapopata nafasi yake: asiyesoma husomewa, mwenye haya hujaribu kusema mbele ya wachache, anayetaka kushika hushika.

Bibi aliyepewa kostiki anarudi kundini, anavaa glavu na miwani, anaimwaga soda ndani ya maji kidogo kidogo huku akikoroga.

"Bibi, kwani tukimimina maji juu ya soda si sawasawa?" anauliza kijana.

"Hata, mwanangu. Itapata moto ghafla, ifoke, ikuunguze uso. Soda ndiyo iendayo kwenye maji."

Kijana huyo ana cheti, bibi hana, na bila ya bibi hana sabuni. Zamu yake ikifika, naye atamweleza bibi kwa nini sabuni ikae wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa, na bei ipangwe vipi ili muda huo usiwe hasara.

Njia hii huharibika kwa jambo moja hasa: msemaji mmoja kulimeza kundi zima. Aronson alitaka kila kundi liwe na kiongozi wa kugawa zamu, na mwalimu azunguke akisikiliza, amnong'oneze kiongozi pale inapobidi badala ya kuingilia mwenyewe. Mwishoni kila mtu hupimwa peke yake, kwa somo zima. Kwa kikundi cha Paje nisingetoa karatasi. Ningemwita mmoja mmoja, anieleze kwa mdomo vile vipande vitatu ambavyo hakupewa yeye.