Kila utaratibu uwe na mwenyewe

Ukitaka kujua kama shirika lina utaratibu, usianzie kwa mkurugenzi. Nenda stoo, muulize anayeitunza: hii karatasi iliyobandikwa ukutani aliiandika nani? Na ukiona haifai tena, utampigia nani? Swali la kwanza hupata jibu. La pili, mara chache sana.

Kazi yangu ni kutunza maarifa na taratibu za shirika la misaada lenye makao Bukavu, mashariki mwa Kongo, na vituo Uvira, Kalehe, Idjwi na Goma. Tunashughulikia maji, usafi na afya ya jamii. Wengi hudhani nashinda nikipanga mafaili kwenye kompyuta. Hilo lipo, ila ni dogo. Kubwa ni kuhakikisha kwamba mtu wa Uvira na mtu wa Goma wakifanya kazi moja wanaifanya kwa namna moja, na namna hiyo ikibadilika wote wanapata habari bila kuchelewa.

Chukua klorini. Mafuriko yalipobomoa Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, mwanzoni mwa Mei 2023, timu zetu za Bukavu na Goma zilikutana kutia dawa kwenye ndoo za watu waliokuwa wakichota maji. Wa Bukavu walikuja na karatasi inayosema: gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 70 katika lita moja ya maji, upate dawa ya asilimia 1, ambayo ndiyo unayoipimia ndoo. Wa Goma walikuja na karatasi inayohesabu vijiko. Kila moja ilikuwa sahihi pale ilipoandikwa, maana kijiko kile kilipimwa kwa unga wa stoo ile. Lakini unga ukija wa asilimia 65, au kijiko kikipotea na mtu akachukua kingine jikoni, hesabu imeharibika. Kijana mmoja akazishika karatasi zote mbili, akauliza: "Papa, tufuate ipi?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Siku ile tulitegemea kipimo: baada ya nusu saa, klorini inayobaki katika maji ya kunywa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Tulipima, tukarekebisha, tukaendelea. Tuliporudi tukabakiza karatasi moja tu. Juu kabisa inataja nguvu ya unga. Vipimo vyote viko kwa gramu, na kila kituo kilipata mizani yake ndogo. Hatua ya mwisho ni kupima maji. Chini pana cheo cha mwenye karatasi, namba yake ya simu, na tarehe aliyoikagua mara ya mwisho.

Wanaoona huu ni urasimu nawakumbusha miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, tulipokuwa tukinawa kila mlangoni. Dawa ya mikono ilikuwa asilimia 0.05, ya sakafu na vifaa, asilimia 0.5. Sifuri moja ikianguka wakati wa kunakili, mtu ananawa kwa dawa ya sakafu, kali mara kumi.

Kuhusu huyo mwenye karatasi, msimamo wangu ni mkali: asiwe mtu wa makao makuu. Ukurasa wetu wa klorini ni wa fundi wa maji wa Uvira, kwa kuwa Uvira kipindupindu ni mgeni asiyeaga na fundi yule anapambana nacho kila mwaka. Mkurugenzi anatia saini, lakini anayejibu ni fundi. Kila miezi sita anausoma akiwa kazini, ndoo mbele yake, kisha anabadilisha kinachohitaji kubadilishwa au anaandika tarehe mpya. Tarehe ikipita bila kukaguliwa, ukurasa unapata alama nyekundu na mimi nampigia simu. Kwa hiyo hatuwezi kuwa na kurasa nyingi, na sioni ubaya. Ukurasa usio na mtu wa kuujibia tunauondoa.

WhatsApp ninaipenda kwa habari: barabara imekatika Minova, boti imechelewa. Kwa taratibu naikataa. Ujumbe wa mwaka jana ukipelekwa upya unaonekana kama wa leo, na mfanyakazi mpya akiingizwa kwenye kundi kwa kawaida haoni yaliyoandikwa kabla yake. Sheria yetu ni kwamba kundini unatangaza kuwa ukurasa umebadilika, basi. Maelezo yenyewe yanakaa mahali pamoja.

Mahali hapo ni programu ya bure iitwayo MediaWiki, ileile inayobeba Wikipedia. Kila badiliko linabaki na tarehe na jina la aliyelifanya. Intaneti yetu si ya kutegemea, kwa hiyo nakala ya kurasa zote husomwa bila mtandao kwa programu iitwayo Kiwix, na ya Idjwi husafiri kwenye flashi, na boti. Kurasa za ofisini ziko kwa Kifaransa kwa ajili ya wakaguzi. Karatasi ya ukutani ni Kiswahili. Zote mbili zina mwenyewe mmoja, na hubadilishwa pamoja.

Umuhimu wa kutunza kurasa za zamani niliuona wazi mwaka 2025. Goma iliposhikwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga. Ukurasa wa malipo ulidai hundi na saini mbili. Msimamizi wa fedha, ambaye ndiye mwenye ukurasa ule, aliandika mwingine wa kulipa kwa pesa za simu: nani anaomba, nani anaidhinisha, ushahidi gani unawekwa. Ule wa zamani hatukuufuta. Uliandikwa juu yake "haitumiki tena", pamoja na tarehe. Mkaguzi wa hesabu akija atauliza malipo ya siku fulani yalifuata kanuni ipi, na lazima apate jibu.

Jambo moja haliingii humo kamwe: majina ya tunaowahudumia. Orodha za familia, na zaidi habari za waliofanyiwa ukatili, zinatunzwa kwingine kwa ufunguo, na hazipandi kwenye flashi. Flashi inaweza kuangukia mkono wowote njiani, na anayelipia ni mama ambaye jina lake limesomwa.

Kisha kuna yale ambayo hata karatasi nzuri haiyabebi. Kufika kwa mwami, chifu wa jadi, kabla ya kugusa chemchemi, kujua mkuu yupi wa avenue, yaani mtaa, husikilizwa na vijana, kutambua kwamba kamati ya maji imegawanyika hata kama wote wanakaa benchi moja: haya mtu hujifunza kwa kutembea na anayeyajua. Mikataba yetu ni ya mradi, mara nyingi mwaka mmoja, na mradi ukiisha mtu anaondoka nayo yote. Ndiyo maana katika kila bajeti naomba wiki mbili ambazo anayeondoka na anayeingia wote wanalipwa na wanatembea pamoja. Mstari huo ndio wafadhili huufuta kwanza. Katika bajeti inayofuata nimeurudisha, na safari hii nimeambatanisha zile karatasi mbili za Kalehe.