Pancha tatu ndani ya wiki mbili: tunayoyaamini kuhusu kazi na nyumba, na ukweli wake

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa naandika ratiba ya zamu katika kiwanda kimoja hapa Tanga. Niliibandika Ijumaa saa 11 jioni kwenye ubao wa karibu na geti, na zamu zenyewe zinaanza Jumamosi asubuhi. Watu waliizunguka na simu, kila mmoja anapiga picha mstari wenye jina lake, kisha unamsikia mtu anapiga simu nyumbani palepale: "Mama watoto, kesho naingia usiku, mwambie shemeji asije." Sikuona ubaya wowote. Niliamini mambo kadhaa ambayo baadaye, nilipoanza kusoma tafiti za tabia za watu kazini, niliyakuta hayasimami. Bado nayasikia maofisini na kwenye daladala za Pongwe, na yanaumiza watu.

Dhana: Ongeza mshahara, mfanyakazi ataridhika.

Hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haing'oki. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwaomba wakumbuke nyakati walizoipenda kazi mno na nyakati walizoichukia. Walipoeleza machungu, walitaja sera za kampuni, msimamizi, mshahara, mazingira. Walipoeleza raha, walitaja kazi yenyewe, kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kupewa dhamana. Yaani kinachomwondolea mtu kero sicho kinachompa hamu ya kazi.

Njia ya Herzberg imekosolewa, na kwa haki: mtu akifanikiwa hujisifu mwenyewe, akikwama humlaumu bosi. Lakini mwaka 2010 mtafiti Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti nyingi za watu wengine, wakakuta uhusiano kati ya kiasi cha mshahara na kuridhika na kazi ni 0.15, kwenye kipimo ambacho 0 maana yake havihusiani kabisa na 1 maana yake vinakwenda pamoja daima. Hata kuridhika na mshahara wenyewe kulihusiana na kiasi chake kwa 0.23 tu.

Mwajiri asisome hapo akafunga ukurasa. Mtu anayelipwa tarehe 12 wakati alitakiwa kulipwa tarehe 30, ambaye muuza duka wa Ngamiani ameshamfungia daftari la mkopo, huwezi kumwambia habari za kutambuliwa. Mshahara usiotosha, au usiofika kwa wakati, ni kidonda cha kila siku. Ninachosema ni kwamba ukishatosheleza mahitaji, nyongeza inazoeleka, na supavaiza anayemtukana mtu mbele ya wenzake yuko palepale asubuhi inayofuata.

Dhana: Mwenye furaha ndiye mchapakazi.

Kwa kiasi. Mwaka 2001 Judge huyohuyo na wenzake walikusanya makundi 312 ya wafanyakazi, jumla ya watu 54,417, wakapata uhusiano wa 0.30. Upo, na kwenye kazi zinazodai akili na maamuzi ulikuwa mkubwa zaidi. Ila usisahau kwamba mshale unaweza kwenda upande wa pili pia: anayefanya kazi yake vizuri na kuona matunda yake huipenda kwa sababu hiyo. Keki na fulana za Mei Mosi hazifiki huko.

Dhana: Kazi kugongana na familia ni mambo ya akina mama.

Hapa nina deni, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tulikuwa na fundi mmoja wa mashine, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, hodari. Zamu ya asubuhi inaanza saa 1. Ndani ya wiki mbili alichelewa mara tatu, na mara zote tatu kwenye daftari la mahudhurio, safu ya sababu, aliandika neno moja: pancha. Tanga ni mji wa baiskeli, pancha ni sababu inayokubalika. Lakini nilipita kwenye banda la baiskeli nikaiona yake. Tairi zote mbili mpya, nywele zake za mpira bado hazijakatika.

Nikamwita. "Shikamoo kaka. Hii pancha vipi?"

"Marahaba." Akanyamaza, akatazama chini. "Dada, mama watoto yuko Korogwe anamuuguza mama yake. Mtoto wangu wa mwisho yuko chekechea. Namvika sare, hataki soksi, analia. Nikimaliza saa imekwenda."

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

"Niandike namvisha mtoto soksi? Wenzangu watanielewaje?"

Mwaka 2017 Kristen Shockley na wenzake walijumlisha tafiti zaidi ya 350 zenye watu zaidi ya 250,000 kutoka nchi mbalimbali. Wengi wetu tungetarajia wakute wanawake wakielemewa zaidi na mgongano wa kazi na familia. Walikuta viwango vya wanaume na wanawake vinakaribiana sana. Wanaume wanabanwa, ila hawasemi, kwa kuogopa kuonekana si wanaume au si watu wa kazi.

Hilo halimaanishi mzigo wa nyumbani umegawanywa sawa. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alikwishaonyesha mwaka 1989 jinsi mwanamke anavyotoka kazini na kuanza zamu ya pili jikoni, na sihitaji Mmarekani kuliona hilo Makorora. Lakini kila tunaposema "ni mambo ya wanawake", tunamfunga mdomo yule fundi, na mkewe anabaki peke yake na soksi za mtoto maisha yote.

Sheria yetu yenyewe haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba naye ana siku 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3 ni chache mno kwa maoni yangu. Hata hizo, katika miaka yangu sita, waliokuja kuziomba bila kuona haya ni wa kuhesabu.

Dhana: Uwiano wa kazi na nyumba ni kugawa saa, ukitoka kazini umetoka.

Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, mwaka 1985, walieleza kwamba kazi na nyumba hugongana kwa njia tatu, na muda ni moja tu. Ya pili ni mchoko na msongo: mtu yuko sebuleni saa 12 jioni, mwili uko, lakini mtoto akimwita mara tatu hasikii. Ya tatu ni tabia. Mlinzi anayelipwa kumtilia shaka kila mtu usiku kucha, au msimamizi aliyezoea kutoa amri, anafika nyumbani na sauti ileile. Ya tatu ndiyo tunayoiona sana na kuiita "hasira zake tu".

Na mgongano una pande mbili. Kazi huingia nyumbani, na mtoto mwenye homa huingia kazini kichwani mwa mzazi.

Dhana: Familia kazi yake ni kupunguza nguvu za mfanyakazi.

Mwaka 2006 Greenhaus huyohuyo na Gary Powell waliandika kwamba jukumu moja linaweza kulitajirisha lingine. Ghalani kwetu alikuwepo mama mmoja ambaye hesabu zake hazikuwahi kupishana. Mtaani kwake ndiye aliyekuwa akisimamia jiko la maulidi na harusi: mchele kilo ngapi, kuni, sufuria zimetoka kwa nani zirudi kwa nani. Hakuna aliyemfundisha ghala.

Dhana: Saa nyingi, uzalishaji mwingi.

Mwaka 2014 mchumi John Pencavel alizichambua upya kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wanawake. Hadi kama saa 49 kwa wiki, kazi iliongezeka sambamba na muda. Kupita hapo iliongezeka kwa kusuasua, na aliyefanya saa 70 alizalisha karibu sawa na wa saa 56. Saa 14 za mtu zimepotea bure. Sheria ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na ova taimu isiyozidi saa 50 kwa wiki nne, inayolipwa mara moja na nusu. Wengi wanaiona kama huruma kwa mfanyakazi, lakini hesabu ya Pencavel inamhusu mwenye kiwanda pia.

Dhana: Ratiba haiwezi kutulia, biashara ndivyo ilivyo.

Hii niliitetea kwa mdomo wangu. Kisha nikasoma jaribio la Joan Williams, Susan Lambert na Saravanan Kesavan katika maduka ya nguo ya Gap huko Chicago na San Francisco, matokeo ya mwaka 2018. Maduka yaliyotuliza ratiba za wafanyakazi yaliongeza mauzo kwa takribani asilimia 7 zaidi ya yale yaliyoendelea kama zamani. Nilipeleka karatasi kwa meneja. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali tujaribu idara moja: ratiba itoke wiki mbili kabla, na kuwe na daftari la kubadilishana zamu, watu wawili wanasaini, msimamizi anapitisha.

Fundi wetu alikuwa wa pili kulitumia. Alibadilishana asubuhi za Jumatatu na kijana asiye na familia, aliyekuwa akitaka jioni zake za Jumatatu kwa mpira.

Wiki mzigo unapokuwa mkubwa ratiba bado huvunjika. Tulichokubaliana ni kwamba siku hiyo anayebadilishiwa zamu apigiwe simu kabla ya saa 8 mchana, wakati shule hazijafunga na jirani wa kumwachia mtoto bado anapatikana.